Pesa zikiingia, deni lifutike: Jinsi M-Pesa inavyounganishwa na daftari la wadaiwa

MFANYABIASHARA anayekopesha bidhaa huumizwa sana na malipo yasiyojulikana ni ya nani. Pesa zimeingia na simu imetoa mlio, lakini daftari linaendelea kuonyesha kwamba mteja ana deni.

Mteja huyo hunyimwa bidhaa au hukatiwa huduma ilhali alikwisha kulipa. Uhusiano uliojengwa kwa miaka mingi huvunjika kwa sababu ya tarakimu moja iliyokosewa.

Hali hiyo huweza kumpata yeyote anayefanya biashara katika mahali kama Kisian, magharibi mwa jiji la Kisumu, ambapo barabara ya kwenda Bondo huachana na ile ya kuelekea Busia. Katika njia panda ya aina hiyo, mnunuzi mmoja hutoka Maseno, mwingine Otonglo na mwingine ng'ambo ya Bondo. Akishachukua mzigo leo, huenda asionekane tena dukani kwa mwezi mzima, na deni lake hulilipa kwa simu akiwa huko huko kwake.

Ndiyo maana wafanyabiashara wengi, wadogo kwa wakubwa, sasa huuliza iwapo mitambo ya M-Pesa inaweza kuzungumza moja kwa moja na programu ya kompyuta inayotunza hesabu za wadaiwa. Jibu ni kwamba inaweza. Hata hivyo, muunganisho huo una masharti yake, na usipofanywa kwa uangalifu huzalisha makosa kwa kasi kuliko karani aliyekuwa akitumia kalamu.

Kutoka daftari hadi Daraja

Kampuni ya Safaricom ilizindua M-Pesa mnamo Machi 2007 kama njia ya kutumiana pesa. Huduma ya kulipia ankara kwa nambari ya Paybill ilifuata, na mwaka 2013 ikaja Lipa na M-Pesa, iliyowalenga wenye maduka.

Mwaka 2015 mitambo ya M-Pesa ilihamishwa kutoka Ujerumani hadi Kenya. Miaka miwili baadaye, 2017, Safaricom ilifungua lango la watayarishaji wa programu na kulipa jina la Kiswahili, Daraja. Toleo la pili la lango hilo lilitolewa mwaka 2021.

Daraja ni mkusanyiko wa viungo ambavyo wataalamu huviita API. Kiungo cha aina hiyo kinaweza kulinganishwa na dirisha la kaunta: programu moja hupeleka ombi lililoandikwa kwa mpangilio maalumu, na nyingine hulipokea na kutoa jibu kwa mpangilio uo huo. Hakuna mtu anayeandika chochote kwa mkono.

Wakenya wengi hutumia viungo vya namna hii bila kujua. Mtu anaponunua umeme wa kulipia kabla kwa nambari ya Paybill 888880, huandika nambari ya mita yake mahali pa akaunti. Mitambo ya malipo huiarifu mitambo ya Kenya Power, nayo humtumia mteja tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita. Mawasiliano hayo yakikwama, pesa hutoka lakini nyumba hubaki gizani.

Pande tatu za muunganisho

Tuseme kuna muuzaji wa vifaa vya ujenzi huko Kisian mwenye wateja 140 wanaochukua saruji, mabati na misumari kwa mkopo. Ili malipo yao yafute madeni bila kuandikwa upya, pande tatu zinahitajika.

Upande wa kwanza ni M-Pesa kupitia Daraja, ambako pesa huingia. Upande wa tatu ni programu ya hesabu, kama vile QuickBooks, Xero, Zoho Books au Odoo, ambamo ankara na majina ya wadaiwa hutunzwa.

Katikati huwa kuna jukwaa la kuunganisha. Linaweza kuwa huduma ya kukodi, programu kama n8n, au programu ndogo iliyoandikwa na fundi wa hapa nchini. Kazi yake ni ya mkalimani na tarishi kwa pamoja: kupokea arifa ya malipo, kuielewa, kumtafuta mdaiwa anayehusika na kuiandikia programu ya hesabu kwamba kiasi fulani kimelipwa.

Kanuni ya kwanza ni kwamba jukwaa hili halipaswi kuwa daftari jingine. Salio la mteja lisomwe kutoka mahali pamoja tu, yaani programu ya hesabu. Mahali penye salio mbili, siku moja zitatofautiana na hakuna atakayejua ya kweli ni ipi.

Nambari ya akaunti ndiyo kiini

Jambo la kuamua mapema ni aina ya nambari ya malipo. Nambari ya Till hupokea pesa bila kumtaka mteja aandike akaunti yoyote. Inamfaa anayelipwa papo hapo, lakini haimsaidii anayefuatilia madeni. Nambari ya Paybill humtaka mlipaji aandike akaunti, na maandishi hayo ndiyo uzi pekee unaoyafunga malipo na deni.

Shida ni kwamba mlipaji anaweza kuandika atakalo. Mmoja ataandika jina lake, mwingine jina la mkewe, na wa tatu neno "saruji". Mashine haiwezi kubashiri.

Zamani baadhi ya watu walitegemea nambari ya simu ya mlipaji kumtambua. Njia hiyo haiaminiki tena, kwa kuwa Safaricom ilianza kuzificha nambari za wateja katika arifa hizo ili kulinda faragha. Isitoshe, mara nyingi deni la baba hulipwa na simu ya mwana.

Dawa ni kumpa kila mteja nambari fupi yenye tarakimu ya kujikagua. Chukua nambari 2147. Tarakimu ya kwanza huzidishwa kwa 5, ya pili kwa 4, ya tatu kwa 3 na ya nne kwa 2. Jumla yake ni 40, na ikigawanywa kwa 11 baki ni 7. Kwa hiyo nambari kamili ya mteja huwa 21477.

Akikosea na kuandika 24177, hesabu hutoa baki la 10 badala ya 7, na kosa hujulikana papo hapo. Nambari zinazotoa baki la 10 huachwa tangu mwanzo, zisigawiwe mteja yeyote.

Daraja linaruhusu ukaguzi huo kufanywa kabla pesa hazijatoka. Mfanyabiashara husajili anwani mbili za mtandao: moja ya kuhakiki na nyingine ya kuthibitisha. Mteja anapoweka nambari yake ya siri, mitambo huuliza kwanza kupitia anwani ya kuhakiki iwapo akaunti hiyo ipo. Jibu likiwa "hapana", malipo hukataliwa na pesa hubaki kwa mwenyewe.

Huduma ya kuhakiki haiwashwi yenyewe. Lazima mfanyabiashara aiombe Safaricom. Vilevile hutakiwa kuchagua mapema jambo litakalotokea iwapo kompyuta yake haitajibu kwa wakati: malipo yakamilishwe au yafutwe. Kwa muuza saruji, ni afadhali yakamilishwe kisha yachunguzwe, kwani mteja aliyekataliwa huenda asijaribu tena wiki hiyo.

Safari ya malipo hadi kwenye leja

Malipo yakikubaliwa, Daraja hutuma arifa kwa anwani ya kuthibitisha. Arifa hiyo huwa na msimbo wa muamala wenye herufi na tarakimu 10, kiasi kilicholipwa, wakati, na akaunti iliyoandikwa.

Jukwaa linapaswa kufanya mambo mawili mara moja: kuihifadhi arifa jinsi ilivyo, kisha kujibu kwamba imepokelewa. Kazi nyingine zote zifuate baadaye, kwa foleni. Fundi anayejaribu kumtafuta mteja, kufuta deni na kutuma risiti kabla ya kujibu anajitafutia balaa, kwani hatua moja ikichelewa, arifa nzima inaweza kupotea.

Baada ya hapo jukwaa hutafuta nambari 21477 katika programu ya hesabu na kuomba orodha ya ankara ambazo mteja huyo hajalipa. Malipo huelekezwa kwa ankara iliyokaa muda mrefu zaidi, isipokuwa kama kuna makubaliano mengine. Kisha malipo huandikwa na kufungwa na ankara hiyo.

Neno "kufungwa" lina uzito hapa. Programu nyingi za hesabu hukubali malipo yanayoelea, yaliyoandikwa kwa jina la mteja bila kuhusishwa na ankara yoyote. Salio la jumla litaonekana sawa, lakini ripoti ya madeni yaliyopitisha siku 30 au 60 itaendelea kumtaja mteja huyo kama mkaidi.

Kila upande pia una kitambulisho chake cha kuingilia. Kibali kinachotolewa na Daraja huisha baada ya saa moja, cha QuickBooks vilevile, na cha Xero baada ya dakika 30. Jukwaa lisiloweza kujiombea kibali kipya litafanya kazi vizuri mbele ya fundi, kisha likwame akishaondoka.

Kuna pia mipaka ya kasi. Xero, kwa mfano, hupokea maombi yasiyozidi 60 kwa dakika kutoka kwa programu moja kwa kila biashara. Mwisho wa mwezi, wadaiwa wengi wanapolipa kwa wakati mmoja, foleni ndiyo inayozuia malipo yasitupwe nje.

Malipo moja, kuandikwa mara moja

Kosa linaloogopwa zaidi ni malipo kuandikwa mara mbili. Hutokea hivi: jukwaa limepeleka ombi kwa programu ya hesabu, ombi limepokelewa na deni limefutwa, lakini intaneti imekatika kabla ya jibu kurudi. Jukwaa hudhani limeshindwa, hujaribu tena, na mteja aliyelipa Sh5,000 huonekana amelipa Sh10,000.

Kinga yake ni msimbo wa M-Pesa wenyewe. Kwa kuwa haujirudii, jukwaa liufanye kuwa ufunguo: kabla ya kuandika chochote, liulize kama msimbo huo umekwisha kuonekana. QuickBooks na Xero pia hupokea alama maalumu ya ombi, ili ombi lile lile likirudiwa lisihesabiwe kuwa jipya.

Pungufu, ziada na kodi

Malipo hayalingani na ankara kila mara. Tangu Agosti 2023, kiwango cha juu cha muamala mmoja wa M-Pesa kimekuwa Sh250,000. Mwanakandarasi mwenye ankara ya Sh310,000 atalazimika kulipa mara mbili, pengine Sh250,000 leo na Sh60,000 baadaye. Programu inayosubiri kiasi kamili ndipo ifute deni haitafuta lolote.

Vivyo hivyo, aliyelipa zaidi asipoteze ziada yake. Iandikwe kama akiba ya mteja, isubiri ankara ijayo.

Mtego mwingine uko upande wa taasisi. Mashirika ya serikali na kampuni zilizoteuliwa na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, huzuia sehemu ya ushuru wa thamani ya ziada, VAT, na kuipeleka moja kwa moja kwa mamlaka hiyo. Kiwango hicho kilishushwa mwaka 2019 kutoka asilimia 6 hadi asilimia 2 ya thamani inayotozwa ushuru.

Kwa bidhaa za Sh100,000, ankara pamoja na VAT ya asilimia 16 huwa Sh116,000. Taasisi huzuia Sh2,000 na kulipa Sh114,000. Mashine isiyofundishwa itaiandikia taasisi hiyo deni la Sh2,000 kila mwezi, na kabla ya mwaka kuisha muuzaji atakuwa akimdai mnunuzi mwaminifu pesa ambazo ziko kwa KRA. Ankara za taasisi kama hizo ziwekewe alama, na tofauti iandikwe kama ushuru uliozuiwa, pindi cheti chake kinapopatikana.

Isitoshe, kuna mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, eTIMS. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya mfumo huo kwa kawaida haikubaliwi katika hesabu ya kodi ya mnunuzi. Ankara ikishatumwa huko haifutwi kwa kubofya. Hurekebishwa kwa hati ya kupunguza deni. Kwa hiyo jukwaa lisipewe kamwe uwezo wa kubadilisha ankara ili ilingane na malipo. Libadilishe upande wa malipo tu.

Walaghai na faragha

Arifa bandia za M-Pesa zinazotumwa kwa simu za wenye maduka si habari ngeni kwa Wakenya. Muunganisho huu unaweza kufungua mlango mwingine wa ulaghai huo huo. Mtu akiijua anwani ya kuthibitisha, anaweza kuitumia ujumbe unaofanana na wa Daraja na kujifutia deni bila kutoa hata senti.

Kwa sababu hiyo, anwani hiyo ikubali tu ujumbe unaotoka kwa mitambo ya Safaricom, na njia yake iwe imesimbwa. Maelekezo ya Daraja yenyewe yanakataza kuweka jina la M-Pesa au la Safaricom ndani ya anwani hizo. Kwa kiasi kikubwa, ni busara jukwaa kuuliza tena Daraja kama muamala huo upo kweli kabla ya kutoa bidhaa.

Funguo za siri nazo zisiandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani wala kutumwa kwa WhatsApp. Fundi akimaliza kazi na kuondoka, zibadilishwe. Mwenye biashara akumbuke pia kwamba majina na madeni ya wateja ni taarifa za kibinafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Mwanadamu bado anahitajika

Mwishoni mwa Julai 2023, shambulio la mtandaoni lililenga tovuti ya serikali ya eCitizen, na kwa wakati huo watumiaji wa M-Pesa pia walitatizika, wakiwemo waliokuwa wakinunua umeme. Tukio hilo lilionyesha kwamba hata mitambo mikubwa huyumba. Arifa iliyotumwa wakati kompyuta ya duka imezimika huenda isirudi tena.

Kwa hivyo kila jioni hesabu tatu zilinganishwe: jumla iliyo kwenye taarifa ya Paybill, jumla ya arifa zilizohifadhiwa na jukwaa, na jumla ya malipo yaliyoandikwa kwenye leja. Zikilingana, duka lifungwe. Zikitofautiana hata kwa shilingi moja, itafutwe kabla haijazaa nyingine.

Malipo yasiyotambulika yawekwe katika akaunti ya muda, na mtu mmoja apewe jukumu la kuyachunguza kila siku. Mashine isiruhusiwe kubahatisha. Ikimpa mteja mmoja pesa za mwingine, imetenda kosa mara mbili: mdaiwa amesamehewa, na aliyelipa amefanywa mdaiwa.

Kabla ya kuanza, Daraja hutoa uwanja wa majaribio ambako malipo ya kuigiza hutumwa bila pesa halisi. Yajaribiwe makosa yote: akaunti isiyokuwepo, malipo pungufu, arifa iliyorudiwa na umeme uliokatika. Kisha wateja wachache wahamishwe kwanza, huku daftari la zamani likiendelea kuandikwa kwa mwezi mmoja.

Si kila duka linahitaji gharama hii. Mwenye wadaiwa 20 anaweza kupakua taarifa yake ya Paybill kila wiki na kuilinganisha kwa mkono katika muda wa saa moja. Faida huonekana pale ambapo malipo ya siku moja yamezidi uwezo wa karani kuyasoma kwa makini, au pale ambapo kuchelewa kwa siku mbili humkatia mtu maji, umeme au masomo.

Waswahili husema kukopa harusi, kulipa matanga. Anayejikaza akalipa deni lake anastahili lifutwe siku ile ile, kwa jina lake na kwa kiasi kile kile. Husema pia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hata daftari likiwa ndani ya kompyuta, bado linahitaji mtu wa kulifungua kila jioni na kulisoma.